Dari ya Bochaberi

Ukitaka kumjua Joash fundi ni mtu wa aina gani, mpigie simu saa mbili asubuhi umwulize yuko wapi. "Niko njiani, Mama Ruth. Nimefika hapa Kebirigo, nakunywa chai kidogo tu, nakuja." Chai hiyo ameinywa mwaka mmoja na miezi saba. Na Bochaberi, kwa kuwa alilelewa na watu, kila asubuhi alimjibu, "Haya, tunakungoja," kisha akakata simu, akauma meno.

Walianza kumngoja Januari ya mwaka uliopita. Siku hiyo Joash alikuja na nyundo yake mbio mbio, akabomoa ukuta wa nyuma, akang'oa dari yote ya nyumba, akang'oa na mlango wa uani. Kubomoa alibomoa kwa siku mbili, maana sijawahi kusikia fundi aliyechelewa kubomoa. Alisema ndani ya wiki tatu Bochaberi atakuwa na chumba cha kazi, kina dari, kina dirisha, kina mlango wa kufungwa. Akapandisha kuta, akaezeka bati, akasema anakimbia kumalizia kazi ndogo Suneka. Basi. Mbao za dari zikalazwa sebuleni chini ya karatasi ya nailoni. Mlango mpya ukaegemezwa kando ya kabati, na mtoto, Ruth, akaufanya ubao wa kuandikia kwa chaki. Vumbi la saruji likaingia kwenye sukari, likaingia kwenye shuka, likaingia kwenye meno ya watu. Siku za mwanzo Bochaberi alifagia mara nne kwa siku. Baadaye mara moja. Baadaye akaacha, akawa anapuliza kiti kabla ya kukalia.

Utasema, si wangetafuta fundi mwingine? Walitafuta. Fundi wa kwanza alisimama katikati ya chumba, akatazama juu, akafyonya, akasema aliyeanza kazi hii ndiye anajua alitaka kufanya nini. Wa pili aliona sanduku la vyombo vya Joash limekaa pale kona na akarudi nyuma kama aliyeona nyoka. Kazi yenye vyombo vya mwenzako haiguswi. Na juu ya hayo kulikuwa na Mose, mume wa Bochaberi, aliyekuwa akiendesha trekta kwenye mashamba ya ngano huko Narok mwaka wa sita sasa. Mose na Joash walitahiriwa pamoja, wakauguzwa nyumba moja. Kila Bochaberi alipotaka kumfukuza Joash, Mose alisema kwenye simu, "Mvumilie, huyo ni ndugu yangu." Ndugu gani huyo, jamani?

Sasa nikueleze kwa nini chumba hicho kilikuwa roho ya Bochaberi. Alikuwa na diploma iliyolala kwenye bahasha, na mikono iliyochuma chai miaka mitatu kabla ya kupata kazi ya kukaa. Kampuni moja ya Nairobi, inayouza friji na vitanda kwa mtandao, ilimchukua kupokea simu za wateja akiwa nyumbani kwake. Walimfungia kifaa chao cha mtandao ukutani, wakampa kompyuta na hedifoni, wakamweka kwa majaribio. Akifaulu majaribio, angepewa mkataba wa kudumu. Akipewa mkataba wa kudumu, Mose angeacha trekta arudi nyumbani. Walishakubaliana hivyo. Ruth alikuwa na miaka sita, na baba yake alimjua kwa sauti ya simu na kwa siku kumi za Desemba. Kwa hiyo kila Bochaberi alipotazama zile mbao chini ya nailoni, hakuona mbao. Alimwona mumewe akishuka pale njia panda na begi lake.

Na kazi aliipenda, aliiweza. Ila Mungu naye ana mizaha yake. Kutwa nzima, mwanamke huyu asiye na dari alikuwa akiwaomba radhi watu waliocheleweshewa vitu. "Habari ya saa hizi, unaongea na Bochaberi, nikusaidie vipi?" Mteja atafoka: friji yangu iko wapi, wiki mbili sasa! "Samahani sana kwa kuchelewa. Mzigo wako uko njiani." Njiani! Neno lile lile la Joash.

Asubuhi mambo yalikuwa nafuu. Kuku waliingia kwenye tundu la mlango, akawafukuza kwa mguu huku akiongea kwa upole. Shida ilikuwa mchana. Wewe unayekaa kwingine hujui mvua ya Nyamira. Haikosi, na haina subira. Ikifika saa nane au tisa inashuka yote kwa pamoja, na bati lisilo na dari chini yake hupiga kelele hata humsikii mtu anasema nini. Bochaberi alijaribu kujifunika blanketi na kompyuta yake. Alijaribu kuingia ndani ya kabati. Alijaribu kuhamia kwa baba mkwe, lakini nyumba ya mzee nayo ilikuwa bati tupu, na mtandao haukufika.

Onyo la kwanza likaja. La pili likaja. Kisha Anisa, msimamizi wake kule Nairobi, msichana mwenye sauti nzuri asiyependa kumuumiza mtu, akampigia mwenyewe.

"Bochaberi dada, mimi nakupenda, wateja wanakupenda. Lakini jana mmoja ameniuliza kama tunapokelea simu kwenye kinu cha kusaga unga."

"Nyumba inatengenezwa, Anisa. Fundi yuko karibu kumaliza."

"Umeniambia hivyo tangu mwaka jana. Sikiliza. Ijumaa ya wiki ijayo, saa nane mpaka saa kumi, watakusikiliza. Ukiwa na chumba kimya, unapata mkataba. Usipokuwa nacho, siyo mimi tena."

Siku kumi na moja. Joash aliapa kwa jina la mama yake. Alikuja Jumatatu, akageuza mbao mbili, akapima kwa macho, akasema misumari hii siyo, anaenda kuleta mingine. Ile misumari bado inaletwa.

Hapa sasa ndipo inapouma, kwa sababu hatua thelathini kutoka kwenye mlango ule kulikuwa na fundi. Tena si fundi wa kubahatisha. Mzee Angwenyi, baba yake Mose, alipiga dari ya kanisa lao la Kiadventista kwa mikono yake, na nusu ya maduka ya Birongo yana dari zake hadi leo, hazijashuka hata kidole. Mgane, miaka sabini na tatu, mgongo umeanza kupinda lakini mkono bado una shabaha. Kila siku alikaa mbele ya nyumba yake akitazama ule uozo wa Joash, na unaweza kuwaza mwenyewe fundi wa kweli anajisikiaje akitazama kazi ya aibu kwenye boma lake.

Lakini hakuweza kuingia. Kwao kuna chinsoni, ile heshima inayojua nani apite wapi, na chinsoni haina mchezo: baba hakanyagi ndani ya nyumba ya mwanawe aliyeoa, nyumba anamolala mkazamwana wake. Haijalishi ni mgonjwa, haijalishi ni mvua. Ndiyo maana Bochaberi alikuwa na kigoda nje, karibu na ngazi. Saa nne kila asubuhi aliweka hapo kikombe cha chai na ndizi za kuchemsha, akarudi ndani, na mzee akaja akakaa, akanywa, akazungumza naye akiwa ameupa mlango ubavu. Miaka minane walikuwa wanazungumza hivyo, na walipendana sana kwa namna hiyo ya kutotazamana.

Jumatano, siku mbili kabla ya ile Ijumaa, mzee alikunywa chai yake, akaanza kama kawaida.

"Mama Ruth, zile mbao zinapinda. Zigeuzwe, zilalie upande wa pili."

"Zitageuzwa, tata," alimjibu baba mkwe wake.

"Na mlango usiegemezwe hivyo. Unaharibika kona."

"Ndiyo, tata."

"Huyo Joash angeanzia upande wa dirisha, kwa siku moja tu angekuwa..."

"Tata!" Bochaberi alisimama. Hakulala vizuri wiki nzima, Joash alikuwa ndio kwanza amemwambia habari ya chai ya Kebirigo, na kuku mmoja alikuwa juu ya kompyuta. "Tata, wewe ndiye fundi. Unajua kila kitu. Basi ingia! Ingia uzipigilie, tuone!"

Wee! Mwanamke kumwambia baba mkwe "ingia" ni neno ambalo hata ukimlevya mtu halitoki. Bochaberi alijiziba mdomo kwa mikono miwili, lakini neno lilikuwa limeshafika kule lilikokwenda. Mzee aliweka kikombe chini, chai ikiwa nusu. Akachukua fimbo yake.

"Umechoka, mama," alisema, bila ukali wowote, na akaondoka akivuka ua polepole.

Alhamisi hakuja. Chai ilikaa kwenye kigoda mpaka ikaota utando. Bochaberi aliitazama tangu saa nne mpaka saa sita, akajisikia vibaya kuliko alivyojisikia kwa ajili ya kazi, na hapo nakwambia alikuwa anajisikia vibaya kwelikweli.

Ijumaa kulipambazuka jua kali. Saa nane alivaa hedifoni, akafuta vumbi kwenye meza, akamwomba Mungu saa mbili tu, mbili, hata siku nyingine zote anyeshe. Simu ya kwanza aliijibu vizuri. Ya pili vizuri. Saa nane na nusu mwanga ukabadilika. Upepo ukainua karatasi ya nailoni sebuleni, na tone la kwanza likagonga bati, halafu yakaja mengine yote. Simu ya tatu ilikuwa ya bibi mmoja wa Tanga aliyengoja godoro.

"Samahani sana kwa kuchelewa!" Bochaberi alipiga kelele.

"Unasemaje, mwanangu?"

"NASEMA SAMAHANI!"

"Usinifokee, mwanangu," alisema bibi, na akakata.

Bochaberi aliendelea kupokea mpaka saa kumi kamili, simu baada ya simu, akipayuka kama muuza samaki, machozi yakimtiririka. Saa kumi na dakika kumi Anisa alimwandikia: Pole sana dada. Nimejaribu. Saa kumi na nusu kompyuta ilimwomba neno lake la siri, akaliandika, ikalikataa. Akaliandika tena, herufi moja moja. Ikalikataa.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Mose alikuwa shambani hana mtandao. Aliwasha moto kabla jua halijazama, akapika, akalisha, akakaa. Sabato ikaingia.

Asubuhi alimvika Ruth gauni, wakaenda kanisani kwa sababu miguu ilizoea njia. Kiti cha mbele upande wa kushoto, alichokalia Mzee Angwenyi kwa miaka thelathini na moja akiwa mzee wa kanisa, kilikuwa wazi. Wakasema ni mgonjwa. Ndipo wakati wa maombi ya kimya, watu wote wameinamisha vichwa, ikasikika nyundo kutoka mlima wa pili. Ko. Ko. Ko. Nyundo haina adabu, inavuka bonde. Vichwa vikainuka kimoja kimoja.

"Ni kwa Mose," mama mmoja alinong'ona. "Ni yule Joash. Mkatoliki, kwake leo ni siku ya kazi."

Kila mtu aliridhika na hilo, na Bochaberi pia aliliamini. Joash! Mwaka na miezi saba, halafu anakuja leo! Leo, siku moja baada ya kila kitu kwisha! Alitaka kucheka, alitaka kupiga yowe pale pale kanisani. Aliinama tena, kichwa chini, akiomba kitu ambacho hata mwenyewe hakukijua.

Walipofika nyumbani jioni, baada ya ibada ya alasiri, nyundo ilikuwa imenyamaza. Uani palikuwa pamefagiwa. Kwenye ile nafasi ya uani, iliyokuwa tundu la kuku mwaka na miezi saba, ulisimama mlango, umefungwa, na maandishi ya chaki ya Ruth bado yako chini. Bochaberi aliusukuma. Ukafunguka bila kulia. Akaingia, akautia mahali pake, na dunia ikanyamaza. Juu yake palikuwa na dari. Mbao zililala zikikumbatiana, kona kwa kona, hata wembe usingepita. Dirisha lilikuwa na kioo. Meza yake ilikuwa imepanguswa, na sanduku la Joash lilikuwa limetolewa nje, limefunikwa gunia.

Mzee Angwenyi alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, ameupa mlango ubavu, unga wa mbao umemjaa kwenye mvi.

"Nyumba isiyo na mlango bado si nyumba," alisema kabla hajaulizwa. "Ni mjengo. Fundi huingia kwenye mjengo. Nimepitia pale uani palipokuwa wazi, sikukanyaga vyumba vyenu. Mbao na mlango nilivivutia huku nje kwa dirisha la sebule. Na mlango nimeutia bawaba nikiwa nimesimama nje. Tangu hapo sijaingia na sitaingia."

"Tata..."

"Juu ya mbao nimetandaza mablanketi ya mama yake Mose. Yalikuwa sita, yamekaa bure. Yatameza mvua." Alikohoa. "Sabato nimeivunja, hilo ni langu na Mungu. Leo ndiyo siku pekee ambayo boma lingekuwa tupu, nisionekane na mtu. Sikuwaza kwamba nyundo inasikika. Wewe kazi yako iwe salama."

Hapo ndipo Bochaberi angesema. Neno lilikuwa moja tu: imekwisha. Aliuona mkono wa mzee, kidole gumba kimepondwa, kucha imekuwa nyeusi. Akafungua mdomo.

"Asante, tata," alisema. "Imekuwa salama."

Jumapili wazee wa kanisa walikuja watatu. Hawakukaa muda mrefu. Mzee Angwenyi hakukana lolote, na kuanzia Sabato ijayo atakaa nyuma, karibu na mlango, na wale wanaorudiwa kwa makosa yao. Habari ya kuingia kwenye nyumba ya mwanawe nayo ilishafika mpaka sokoni, na kule hawakuuliza kama palikuwa na mlango au hapakuwa na mlango. Jioni Mose akapiga simu akicheka kwa furaha. Baba alikuwa amempigia. Dari imeisha! Tayari amemwambia mwenye shamba atafute dereva mwingine, mwisho wa mwezi yuko nyumbani. "Nilikwambia uvumilie," alisema Mose. Bochaberi alikubali kwamba kweli alimwambia.

Jumatatu saa mbili alioga, akavaa blauzi ya kazini, akaweka chai kwenye kigoda. Akaingia chumbani, akafunga mlango. Mzee alikuwa ameshafika. Alikaa pale chini ya dirisha kama mlinzi, akiwafukuza kuku kwa fimbo, akimtuliza Ruth, "Shh! Mama yuko kazini." Na akatega sikio. Mtu ametoa kila alichokuwa nacho, ana haki ya kusikia.

Bochaberi alitazama kompyuta iliyozimwa. Akaona uso wake ndani ya kioo cheusi. Akavaa hedifoni.

"Habari ya saa hizi," alisema, "unaongea na Bochaberi, nikusaidie vipi?"

Hakuna aliyemjibu. Akangoja muda ambao mteja angeutumia kufoka.

"Samahani sana kwa kuchelewa," alisema.

Nje mzee alivuta chai yake, fyuu, akashusha pumzi. Hivyo wakaenda mpaka adhuhuri. Bochaberi aliwatafutia wateja majina, akawauliza walinunua nini, akawatuliza. Saa nane na nusu kioo cha dirisha kikaanza kutiririka maji. Aliinua macho. Miti ya chai huko bondeni ilikuwa inapigwa, ua ulikuwa umekuwa tope, na ndani hapakuwa na sauti hata moja. Mzee hakuondoka. Alikuwa ameinuka, amejibanza ukutani chini ya ukingo wa bati, koti limeloa mabega, uso wake karibu na kioo lakini macho ameyaelekeza pembeni, kwa heshima.

"Mama Ruth," aliita. "Mvua unaisikia?"

"Siisikii, tata."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Mzee alitikisa kichwa taratibu, akatabasamu, mara ya kwanza tangu Jumatano ile. "Haya," alisema, "usiwaweke watu kwenye simu. Endelea na kazi."

Na Bochaberi akasogeza kile kidude cha kuongelea karibu na mdomo, akaendelea.